Chuck Schuldiner, Mwimbaji wa Deth Metali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Vijana wa Kigoma

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Kigoma mjini, na kwa miaka mingi nimekuwa msikilizaji wa deth metali, lile tawi la roki lenye magitaa mazito, dramu za kasi na sauti ya kunguruma. Vijana wa Mwanga, Gungu na Ujiji wanaonisikia nikiusifu muziki huu huniuliza maswali yale yale, na mengi humhusu mtu mmoja, Chuck Schuldiner wa bendi ya Death. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kirefu, kwa sababu naamini maisha yake yanaonyesha waziwazi kwamba sauti ile, inayodhaniwa kuwa ni kelele za mtu mwenye hasira, ni sanaa inayodai pumzi, akili na nidhamu sawa na uimbaji mwingine wowote.

Chuck Schuldiner alikuwa nani?

Charles Michael Schuldiner, aliyefahamika na wengi kwa jina la Chuck, alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi kutoka Marekani. Alizaliwa tarehe 13 Mei 1967 huko Long Island, katika jimbo la New York, na mwaka uliofuata familia yake ikahamia Florida, jimbo la kusini lenye joto ambalo baadaye lilikuja kuwa ngome ya muziki huu. Aliongoza Death tangu akiwa kijana hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, akatoa nayo albamu 7 za studio, kisha akatoa albamu moja na bendi yake nyingine, Control Denied. Alifariki tarehe 13 Desemba 2001 akiwa na umri wa miaka 34.

Aliingiaje kwenye muziki? Je, alisomea?

Aliingia kwa njia ya msiba. Alikuwa na miaka 9 pale kaka yake Frank, aliyekuwa na miaka 16, alipofariki katika ajali ya gari, na wazazi wake wakamnunulia gitaa wakitumaini kwamba lingempunguzia majonzi. Masomo ya gitaa la klasiki hayakumkolea na aliyaacha kabla hata ya mwaka kwisha, lakini alipopata gitaa la umeme hakulitua tena. Kwa hiyo jibu ni kwamba hakusomea muziki darasani. Alijifunza kwa kusikiliza, kurudia na kutunga mwenyewe, saa nyingi kila siku.

Napenda kuongeza jambo moja, maana kila mwaka kuna kijana anayeniambia kwamba ataacha shule ili awe msanii. Schuldiner hakumaliza sekondari, na baadaye alikiri kwamba alijutia uamuzi huo. Mtu aliyefanikiwa kuliko wengi katika fani yake hakuwahi kuwashauri wengine wapite njia hiyo.

Mwaka 1983, katika eneo la Orlando, aliunda bendi iliyoitwa Mantas pamoja na Kam Lee na Rick Rozz, na mwaka 1984 ikabadilishwa jina kuwa Death. Walirekodi kaseti za majaribio kwa vifaa duni, na kaseti hizo zikasambaa kwa posta kutoka shabiki hadi shabiki, kila mmoja akirudufisha na kumtumia mwenzake. Wazee wetu waliokuwa wakirudufisha kaseti za bendi za Zaire wataelewa mara moja jinsi jina la kijana asiye na kampuni wala meneja lilivyoweza kufika nchi za mbali kabla yeye mwenyewe hajatia mguu huko.

Ni kweli kwamba ndiye baba wa deth metali?

Wengi humwita hivyo, lakini yeye mwenyewe alikataa sifa hiyo. Bendi ya Possessed ya California, iliyoongozwa na mwimbaji Jeff Becerra, ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1985, miaka 2 kabla ya albamu ya kwanza ya Death, na Schuldiner alikuwa shabiki wake. Tena katika siku za mwanzo za Mantas na Death, Kam Lee alikuwa akipiga dramu na kuimba, hivyo si haki kumsahau. Ninachoweza kutetea bila wasiwasi ni kwamba albamu ya Death ya mwaka 1987, Scream Bloody Gore, ambayo Schuldiner aliimba na kupiga magitaa na besi peke yake huku Chris Reifert akipiga dramu, iliwapa wengine kielelezo cha kufuata.

Kwa kuwa nimemtaja Becerra, inafaa isemwe kwamba mwaka 1989 alipigwa risasi na majambazi, akapooza miguu, na miaka mingi baadaye akairejesha Possessed akiimba jukwaani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Namheshimu sana mtu yule.

Sauti ile inatolewaje? Hawaharibu koo?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kama mwalimu wa sauti ndilo ninalolipenda zaidi. Ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, kuna nyuzi za sauti, ambazo hutetemeka hewa ya mapafu inapopita, na ndizo tunazozitumia kuzungumza na kuimba. Juu yake kidogo kuna mikunjo mingine miwili ya nyama, minene na laini, ambayo katika uimbaji wa kawaida hukaa pembeni bila kufanya kazi. Mwimbaji wa deth metali anayejua kazi yake huisogeza mikunjo hiyo ya juu ikatetemeka kwa hewa, na hapo ndipo mngurumo unapozaliwa, huku nyuzi za chini zikiwa zimelegea na kubeba mzigo mdogo kuliko tunavyodhani. Midomo, ulimi na uwazi wa kinywa huchonga sauti hiyo hadi ikawa nene kama ya mnyama au nyembamba kama mlio wa chuma.

Kinachowashangaza wanafunzi wangu ni kwamba mngurumo sahihi hauna nguvu kubwa mdomoni. Ukisimama karibu na mwimbaji asiye na maiki utasikia sauti ya wastani tu, pengine ndogo kuliko ya muuza dagaa anayenadi sokoni Kibirizi. Ukubwa unatokana na maiki, amplifaya na spika. Anayejaribu kuupata mngurumo kwa kupiga kelele kwa nguvu zote ndiye anayejiumiza, kwa sababu analazimisha nyuzi za chini zigongane, na akiendelea miezi kadhaa anaweza kuota vinundu kwenye nyuzi hizo na kubaki na sauti ya kukwaruza daima.

Wala tusidhani kwamba sauti ya namna hii ni ya wazungu peke yao. Afrika Kusini ilikuwa na Simon Nkabinde, maarufu kwa jina la Mahlathini, aliyenguruma mbele ya kundi la Mahotella Queens tangu miaka ya 1960, na watu wakamcheza kwa furaha kwenye sherehe. Waimbaji wa Tuva, katika Siberia ya kusini, nao wana mtindo wa kale wa kuimba kwa kutumia mikunjo hiyo hiyo ya juu. Tofauti ipo katika muziki unaoizunguka sauti, na katika maneno yanayoimbwa.

Je, sauti ya Schuldiner ilibaki ile ile?

Hapana, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kumsikiliza kwa mpangilio wa miaka. Mwaka 1987 alikuwa na mngurumo mzito wenye mikwaruzo, mara nyingine ukimalizikia kwenye ukelele mrefu. Kwenye Leprosy ya mwaka 1988 na Spiritual Healing ya mwaka 1990 sauti ilianza kunyooka. Kuanzia Human ya mwaka 1991 matamshi yake yalizidi kuwa safi kiasi kwamba anayejua Kiingereza anaweza kufuata maneno mengi bila kusoma karatasi, na ufikapo Symbolic ya mwaka 1995 na The Sound of Perseverance ya mwaka 1998 sauti imepanda juu, ni kali na nyembamba, na inasikika kwa uchungu zaidi kuliko vitisho. Albamu hiyo ya mwisho inafungwa na wimbo wa bendi ya Judas Priest, ambamo alipanda hadi kwenye noti za juu ambazo hakuna aliyemtarajia kuzifikia.

Wapo wanaoipenda zaidi ile sauti ya mwanzo, na sibishani nao. Mimi huwaeleza wanakwaya wangu kwamba alikuwa na jambo la kusema, ndiyo maana alitaka asikike.

Huu si muziki wa kishetani?

Kigoma ni mji wa misikiti na makanisa, na mzazi anayesikia sauti ile ikitoka chumbani kwa mwanawe ana haki kamili ya kuuliza. Nitajibu bila kuficha. Maneno ya albamu ya kwanza ya Death ni ya damu na maiti, yaliyochochewa na filamu za kutisha ambazo vijana wale walizipenda, na mzazi akisema hayamfai mtoto wa miaka 12 mimi nitakubaliana naye. Zipo pia bendi nyingine zinazotukana dini kwa makusudi au kuimba ukatili dhidi ya wanawake, na hizo siziweki ndani ya nyumba yangu.

Lakini Schuldiner hakubaki pale alipoanzia. Kufikia mwaka 1990 alikuwa akiandika kuhusu mambo ya jamii: dawa za kulevya, utoaji mimba, na watu wanaojificha nyuma ya imani. Picha ya jalada la Spiritual Healing inamwonyesha mhubiri akimwekea mikono mgonjwa aliye kwenye kiti cha magurudumu, na sidhani kama yupo Mtanzania atakayehitaji kuelezwa habari za wanaouza miujiza kwa wagonjwa waliokata tamaa. Baada ya hapo aliandika kuhusu usaliti, unafiki, kumbukumbu za utotoni na thamani ya kuishi. Nembo ya bendi katika miaka ya mwanzo ilikuwa na msalaba uliopinduliwa kwenye herufi ya T, na baadaye aliuondoa kwa sababu hakutaka bendi yake ihusishwe na masuala ya dini. Waliomfahamu wanamkumbuka kama mtu mpole, mpenda wanyama na mpenda kupika.

Ushauri wangu kwa wazazi ni kusoma maneno ya wimbo kabla ya kuuhukumu. Nawashauri hivyo hivyo kuhusu bongo fleva na singeli.

Mbona wanamuziki wa Death walibadilika karibu kila albamu?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Schuldiner alikuwa na misimamo mikali, na kuna nyakati ilimgharimu: mwaka 1990 alijitoa dakika za mwisho katika ziara ya Ulaya, wenzake wakaenda bila yeye, na baada ya hapo hakufanya nao kazi tena. Sababu ya pili ina manufaa zaidi kwa msikilizaji, maana tangu hapo alianza kuwaalika wanamuziki kulingana na muziki aliotaka kuutunga. Kwa Human aliwaita Paul Masvidal na Sean Reinert, vijana wa bendi ya Cynic waliopenda jazi, pamoja na Steve DiGiorgio kwenye besi. Kwa Individual Thought Patterns ya mwaka 1993 dramu zilipigwa na Gene Hoglan. Kila mmoja alileta ladha yake, na muziki ukazidi kuwa wa kitaalamu. Nyingi za albamu hizo zilirekodiwa katika studio ya Morrisound, Tampa, ambako bendi nyingi za Florida zilipita.

Aliugua nini, na je, ni kweli kwamba alikosa fedha za matibabu?

Mwaka 1999 alianza kusikia maumivu shingoni. Vipimo vilionyesha uvimbe wa saratani kwenye shina la ubongo, na aliambiwa hivyo tarehe 13 Mei, siku aliyotimiza miaka 32. Alipewa tiba ya mionzi, na Januari 2000 alifanyiwa upasuaji ulioondoa sehemu ya uvimbe huo. Aliendelea kutunga. Hata hivyo mwaka 2001 ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na gharama zilikuwa zimekwisha kuizidi familia yake. Bima aliyokuja kukata ilikataa kulipa kwa hoja kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima. Mashabiki na wanamuziki wenzake, wakiwemo wa mitindo isiyofanana kabisa na wake, walichangia kwa matamasha ya hisani na minada. Alidhoofishwa na matibabu, akapata homa ya mapafu, na Desemba ya mwaka huo akafariki.

Sehemu hii huwa naieleza taratibu kwa vijana wangu. Huyu alikuwa mtu aliyetoa albamu 7 zilizouzwa duniani, katika nchi tajiri, na bado mama yake alilazimika kuomba michango. Hapa kwetu msanii akiugua tunaona picha zake mitandaoni zikiambatana na namba ya simu ya kuchangia, na tumelizoea jambo hilo kana kwamba ni sehemu ya sanaa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Msanii yeyote wa Kigoma anayesoma ukurasa huu, awe wa kwaya, wa taarabu au wa roki, namsihi akate bima akiwa mzima, kabla hajanunua kamera ya kupigia video.

Kwa nini hakuimba kwenye Control Denied?

Alitaka muziki wenye sauti ya juu, ya wazi, yenye melodia, na aliona kwamba mwingine angeifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Albamu ya mwaka 1999, The Fragile Art of Existence, iliimbwa na Tim Aymar, na Schuldiner akabaki na gitaa na utunzi. Ni waimbaji wachache sana waliokwisha kuwa maarufu ambao wangekubali kumpisha mwingine kwenye maiki ya bendi yao wenyewe.

Je, wanawake wanaweza kuimba hivi?

Wanaweza kabisa. Angela Gossow wa Ujerumani alijiunga na bendi ya Arch Enemy ya Sweden mwaka 2000, na wasikilizaji wengi waliosikia albamu kabla ya kuona picha walidhani ni mwanamume. Mwaka 2014 alihamia kwenye kazi ya umeneja wa bendi, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanamke mwingine, Alissa White-Gluz wa Kanada.

Afrika kuna bendi za namna hii?

Zipo. Botswana ina jamii kubwa ya mashabiki wanaovaa mavazi ya ngozi na kofia pana, na bendi ya Overthrust kutoka Ghanzi imewahi kupiga Ulaya. Jirani zetu wa Nairobi walikuwa na Duma, waliochanganya mngurumo na midundo ya kompyuta na kutoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda. Misri wana Scarab.

Nikiwa hapa Kigoma, nianzeje kujifunza?

Anza na pumzi, na usahau mngurumo kwa wiki kadhaa. Mwanafunzi wangu mmoja wa Gungu nilimlaza chali kwenye mkeka, nikamwekea kitabu cha nyimbo tumboni, nikamwambia avute hewa mpaka kitabu kinyanyuke huku mabega yametulia, kisha aitoe hewa kwa kutamka «sss» polepole bila kukatika. Mwanzoni kitabu kilikuwa kikitikisika na kuanguka upande. Alipojifunza kukitumia kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kitabu kilishuka taratibu kama maji yanayopungua kwenye ndoo. Baada ya hapo ndipo tulipoanza kutafuta mikunjo ya juu, kwa kuguna kidogo kama mtu anayenyanyua gunia, kwa dakika chache tu.

Kunywa maji siku nzima, si wakati wa mazoezi peke yake. Vumbi la kiangazi na moshi wa mkaa au wa kubanika migebuka hukausha koo, kwa hiyo usifanye mazoezi karibu na jiko. Ukisikia maumivu, mwasho au ladha ya damu, acha siku hiyo hiyo. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki 2 au 3, nenda hospitali ukaombe rufaa ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo, wala usitegemee tangawizi na asali ziponye kila kitu. Na yeyote anayekwambia kwamba koo lazima kwanza liume ndipo likomae, usimsikilize.

Vifaa si tatizo kubwa kama wengi wanavyofikiri. Maiki ya kwaya inatosha; ishike kwenye mpini, usiifunike kichwa kwa viganja, kwa sababu kufunika huko huifanya sauti kuwa na ukungu na kuleta mluzi kwenye spika.

Nisikilize albamu ipi kwanza?

Msikilizaji mpya aanze na Symbolic, kwa sababu melodia zake ziko wazi na maneno yanasikika. Akiizoea, arudi kwenye Human, ambayo ni fupi na ngumu zaidi, kisha Leprosy apate kuisikia Florida ya mwaka 1988 ilivyokuwa. Scream Bloody Gore iwe ya mwisho katika zile za Death, na baada yake afuate The Fragile Art of Existence. Zote zinapatikana kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki kwa simu, ila tafadhali tumia hedifoni, maana spika ndogo ya simu huimeza besi ya DiGiorgio yote.